Vijana Wetu wa Vyuo Vikuu na Amana ya Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanaadamu kwa umbo lililo bora, akamtilia kifuani pande la nyama lisilolala usiku wala mchana. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyeufuata uwongofu wake mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Mwaka 1932 marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa, moja katika mambo aliyokuwa akiwalilia Waislamu wa pwani ni elimu. Aliwataka waisome dini yao kwa fahamu, wala wasiyaache masomo ya dunia yakawa ni ya watu wengine. Wengi katika wazee wa zama zile walikuwa wakiogopa kuwapeleka watoto wao skuli, na maneno yake yalipita masikio mengi kabla ya kuingia.

Leo, alhamdulillahi, hali si ile. Tokea Mji wa Kale mpaka Majengo, Kisauni na Likoni, na kote Malindi na Lamu, ni taabu kuupata mtaa usio na kijana wa kike au wa kiume aliye chuo kikuu. Na kila mmoja katika hao nyuma yake mna jasho la watu. Mama ameamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza. Baba ameuza kiwanja alichorithi. Mjomba ameahirisha Hija yake. Wote hao wanangoja siku moja: siku ya kumwona kijana wao amesimama kwa miguu yake, anafanya kazi, analea wazee wake, na anaufaa umma wake.

Basi nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo laweza kuyateketeza yote hayo kwa usiku mmoja, nasi tumekaa kimya juu yake kana kwamba si katika dini. Jambo lenyewe ni moyo. Wala sikusudii hapa moyo wa imani peke yake. Nakusudia moyo wa nyama, huu unaopiga ndani ya kifua.

Kalamu niliyoishika

Usiku mmoja baada ya Isha alinijia mzee ninayemjua kwa wema wake. Alikuwa amefuatana na mwanawe, kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja. Baada ya salamu mzee akaniambia: "Sheikh, huyu kijana wetu amesibiwa. Moyo wamwenda mbio, kichwa chamwuma, na juzi ameanguka chumbani mwao mbele ya wenziwe. Watu wa nyumbani wasema ni jicho, kwani amekuwa akisifiwa mno kwa masomo yake. Tumekuja utuandikie kombe."

Nakiri mbele yenu kwamba kalamu niliishika. Yule mzee ni mtu wa heshima, na kumridhisha kulikuwa sahali kuliko kumkatalia. Lakini kabla sijaandika herufi nilimtazama kijana, nikaona mikono yake yatetemeka na midomo imekauka. Nikamwomba mzee atupe nafasi kidogo, kisha nikamwuliza kijana: "Mwanangu, jana umelala saa ngapi?"

Akainama. Akasema: "Sheikh, sikulala jana wala juzi. Tuna mitihani. Twatafuna muguka ili usingizi usije, na tukichoka twanywa vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu. Ijumaa usiku huenda tukavuta shisha." Nikamwuliza juu ya chakula. Akasema: "Chipsi na soda, Sheikh. Hosteli hatupiki." Nikamwuliza kama amepata kupimwa presha. Akatabasamu akasema: "Presha si maradhi ya wazee?"

Niliiweka kalamu chini. Usiku ule ule tukampeleka hospitali. Tabibu akampima akakuta presha yake ni 170 kwa 110. Akamlaza apumzike, akampima mara ya pili na ya tatu, wala haikushuka kwa kitu. Akamwambia baba yake kwamba yamkini kijana alikuwa na presha tangu zamani asijue, na kule kukesha na kutafuna kukaipandisha. Na lau wangemweka nyumbani siku chache zaidi, huenda wangemleta amepooza, ama wasimlete kabisa.

Kijana yuhai, nashukuru, na masomo yake ameyamaliza. Lakini anameza dawa kila siku, katika umri wa miaka 22. Nami kila nikiikumbuka ile kalamu mkononi mwangu naona haya mbele ya Mola wangu. Kwa sababu hiyo nimeandika makala haya.

Pande la nyama

Katika hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir, walioipokea Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwilini mna pande la nyama ambalo likitengenea mwili wote hutengenea, na likiharibika mwili wote huharibika, nalo ni moyo. Wanazuoni wameifasiri kwa moyo wa nia na imani, na hivyo ndivyo ilivyo. Walakini tuutazame mfano wenyewe. Matabibu wa leo wakitaka kueleza kazi ya moyo wa nyama hawana la kusema lililo fupi na kweli kuliko hilo.

Moyo wa mtu mzima ni kadiri ya ngumi yake. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi, na kila dakika, mtu akiwa amepumzika, husukuma takriban lita tano za damu kwenda kwenye ubongo, mafigo, macho na viungo vyote. Nao wenyewe una mishipa yake midogo iuleteayo chakula. Mishipa hiyo ikiziba, moyo hufa njaa hali ya kuwa umejaa damu. Hilo ndilo liitwalo mshtuko wa moyo. Na mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, mtu hupatwa na kiharusi: akapooza upande mmoja, au ulimi ukawa mzito, au akafa.

Maradhi haya ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua watu wengi kuliko maradhi mengine yote duniani.  Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikufa watu milioni 17.9 kwa maradhi ya moyo na mishipa, karibu thuluthi moja ya waliokufa wote mwaka ule. Na wengi wao hawakuwa katika nchi tajiri, bali katika nchi kama yetu. Hapa Kenya, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapata kupimwa hata mara moja katika maisha yao.

Ni haki pia tuseme kwamba si kila mgonjwa wa moyo amejiletea. Wako wanaozaliwa na moyo wenye kasoro, na wako walioharibikiwa na moyo utotoni kwa maradhi ya koo yasiyotibiwa vyema. Hao hawana lawama, na atakayewalaumu amewadhulumu. Maneno yangu ni juu ya maradhi tunayoyalea kwa mikono yetu.

Maradhi ya uzeeni huanza ujanani

Mwaka 1953 matabibu wa jeshi la Marekani walichapisha habari za maiti 300 za askari waliofia katika vita vya Korea. Umri wa askari hao kwa wastani ulikuwa miaka 22, umri hasa wa mwanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa watu wenye nguvu, waliochaguliwa kwa afya zao. Matabibu walipoipasua mioyo yao walikuta kwamba katika kila mia, 77 walikwisha kuwa na alama za ugonjwa ndani ya mishipa inayoulisha moyo. Hapana hata mmoja aliyejua.

Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda. Mafuta hugandamana ndani ya mshipa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kama chokaa inavyogandamana ndani ya birika la maji ya kisima. Mtu haumwi, hakohoi, wala hahisi kitu. Akifika miaka arubaini na tano, yu katika ubora wa kazi yake na watoto wake wangali wadogo, siku moja gando lile hupasuka, damu huganda juu yake, na mshipa ukaziba. Watu husema: "Jana alikuwa mzima, twalikuwa naye msikitini." Kwa hakika hakuwa mzima tangu miaka ishirini.

Basi ile fikra ya kwamba haya ni maradhi ya wazee ni fikra ya batili. Kufa ndiko kunakokuja katika utu uzima. Kupanda mbegu ni katika ujana. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Al-Hakim, ametuhimiza tuyadirikie matano kabla ya matano, na katika hayo ni ujana kabla ya uzee na siha kabla ya maradhi. Na katika hadithi ya Abu Barza kwa Tirmidhi, miongoni mwa atakayoulizwa mja siku ya Kiyama kabla miguu yake haijaondoka ni mwili wake: ameuchakaza katika jambo gani.

Ada zinazoua

Ya kwanza ni tumbaku, na mbele yake leo ni shisha. Vijana wengi wasiothubutu kuvuta sigara mbele ya mama zao huvuta shisha bila haya, wakidai kwamba moshi wake umepita katika maji ukasafika, na kwamba una harufu ya matunda. Hayo ni maneno ya wauzaji. Maji hayaondoi sumu ya tumbaku, wala hayaondoi hewa ya sumu itokayo katika makaa. Shirika la Afya la Ulimwengu limeeleza kwamba mtu akikaa kwenye shisha kwa muda wa saa moja huweza kuvuta moshi wa kadiri ya sigara mia moja au zaidi. Serikali yetu iliipiga marufuku mwezi wa Desemba 2017, lakini kupiga marufuku ni jambo moja, na kuiondoa katika mabaraza ya vijana ni jambo jingine. Na la kusikitisha ni kuwa siku hizi wasichana wetu nao wamo.

Ya pili ni miraa na muguka. Majani haya yana kitu kinachoamsha mwili kwa nguvu: moyo huenda mbio, mishipa hubana, na presha hupanda. Uchunguzi uliofanywa Yaman, nchi ya watafunaji, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watafunaji hupatwa na mshtuko wa moyo zaidi kuliko wasiotafuna, na kadiri mtu azidishavyo ndivyo hatari izidivyo. Wanafunzi wetu huongeza juu yake vile vinywaji vya makopo vilivyojaa kafeini na sukari. Ni kama mtu anayempiga punda mijeledi miwili kwa pamoja, kisha akastaajabu punda akianguka.

Najua kwamba wanazuoni wamekhitilafiana zamani juu ya mirungi. Lakini Ibn Hajar Al-Haytami, naye ni nguzo katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, aliandika risala nzima kuwatahadharisha watu nayo, na hali katika zama zake hapakuwa na kipimo cha presha. Leo madhara yamepimwa na kuandikwa. Na kanuni ya sheria ni kwamba hapana kujidhuru wala kudhuru. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitoa amri za kuizuia muguka, na mahakama ikazisimamisha. Mahakama ina kazi yake na serikali ina kazi yake. Muislamu hangoji hakimu amwambie asijiue. Mola wake amekwisha kumkataza, katika Suratul Baqara aya ya 195, kujitia katika maangamizo kwa mikono yake mwenyewe.

Ya tatu ni kukesha. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nabaa amekutaja kulala kuwa ni mapumziko, na usiku kuwa ni vazi, na mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Vijana wetu wameugeuza mpango huo. Usiku ni simu, mpira na gumzo. Alfajiri inapoadhiniwa ndipo wanapolala. Sala ya Subhi huwapita, na masomo ya asubuhi huyahudhuria kwa macho yasiyoona. Matabibu wasema mtu mzima ahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku, na kuukosa daima hupandisha presha na kumnenepesha mtu. Na Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyo katika hadithi ya Abu Barza kwa Bukhari, alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Tazameni jinsi Sunna moja ilivyokusanya hifadhi ya Sala na hifadhi ya moyo!

Ya nne ni chakula. Kijana huamkia chai ya sukari nyingi na mahamri, mchana chipsi, jioni viazi karai na bajia, na koo hulainishwa kwa soda. Chumvi hunyunyizwa kabla hata chakula hakijaonjwa. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri chumvi ya siku nzima isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo mna chumvi yote iliyomo katika mkate, bajia na achari. Wala wanafunzi si peke yao. Sisi wazee ndio tuliowafundisha kwamba karamu haikamiliki ila biriani ielee mafuta, na kwamba futari ya Ramadhani ni kulipiza kisasi cha mchana. Hadithi ya Miqdam bin Maadikarib kwa Tirmidhi, inayotufundisha kuligawa tumbo thuluthi tatu, moja ya chakula, moja ya maji na moja ya pumzi, twaisoma juu ya mimbari kisha twaenda zetu kwenye sinia.

Ya tano ni kukaa. Zamani kijana wa Mombasa alikwenda chuoni kwa miguu, akaogelea, akavuta mashua. Leo kutoka hosteli mpaka darasani ni bodaboda, na kilichobaki ni kiti. Mwaka ule ule wa 1953 tabibu wa Kiingereza, Jerry Morris, aliwalinganisha watu wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa kutwa, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na basi ni moja. Leo wasema matabibu kwamba dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka zatosha kuwa msingi. Basi mwenye kwenda na kurudi msikitini kwa miguu kwa Sala tatu tu kwa siku, umbali wa dakika tano, amekwisha kuzipita.

Hujja tatu na majibu yake

Watasema baadhi ya watu: "Ajali imeandikwa, mwenye siku zake hafi, na asiye nazo hapati." Ni kweli kwamba ajali imeandikwa. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alipofika karibu na nchi ya Sham akaambiwa kwamba humo mna tauni, aliamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja kavu: popote atakapolisha, atalisha kwa kadari ya Mungu. Je, sisi tuna imani ya kadari kuliko Umar?

Watasema wengine: "Ni jicho, ni majini, ni upepo mbaya." Jicho ni haki, limethibiti katika hadithi, wala hatulikanushi. Na kumwombea mgonjwa kwa Qurani na dua ni Sunna. Linalokanushwa ni kuyafanya hayo kuwa pazia la kumficha mgonjwa na tabibu. Abu Dawud amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas aliugua, Mtume (S.A.W.) akamzuru, akamwekea mkono kifuani, akamwambia kuwa ana ugonjwa wa moyo, na akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwani ni mtu ajuaye utabibu. Wako wanazuoni walioidhoofisha isnadi yake, lakini maana yake yathibitishwa na hadithi sahihi zinazotuamrisha kujitibu. Ikiwa mbora wa viumbe atajiwa kuwa amemwelekeza Sahaba wake kwa tabibu, mimi ni nani hata nimzuie mtoto wa Muislamu kwa kikombe cha zafarani?

Fahamuni, ndugu zangu, kwamba mtu akipatwa ghafla na uso kuanguka upande mmoja, au mkono kulegea, au maneno kutatizika, hicho ni kiharusi. Na maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yamkini ni mshtuko wa moyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa katika saa chache za mwanzo tu. Mpelekeni hospitali kwanza, na dua someni njiani.

Na watasema vijana wenyewe: "Tutaacha tukimaliza chuo, tukioa." Nawajibu kwa habari njema na onyo. Habari njema ni kwamba mlango wa kurejea u wazi. Matabibu wa Kiingereza walifuatwa kwa miaka hamsini tangu 1951, na hesabu iliyochapishwa 2004 ilionyesha kuwa mvutaji wa sigara wa maisha hupoteza miaka kumi hivi ya umri kwa wastani, na aliyeacha alipofika miaka thalathini aliepuka karibu hasara yote hiyo. Na onyo ni hili: tumbaku hufunga, na aghalabu ya wanaoahidi kuacha kesho huzikwa na ahadi yao. Toba haina miadi ya kesho, wala siha haina.

Yatupasayo

Enyi wazazi, mnapompigia simu mwanenu aliye chuoni msimwulize matokeo peke yake. Mwulizeni amelala, amekula nini, amesali Subhi na nani. Msimtishe kwa mtihani hata akaona kutafuna usiku kucha ni wema kwenu. Na baba anayevuta sigara barazani asitaraji kusikizwa. Ikiwa katika ukoo wenu mna presha au sukari, mwambieni mtoto waziwazi, msimfiche kama siri ya aibu, maana aghalabu maradhi hayo huandama nyumba.

Enyi vijana, pimweni presha hata kama hamwumwi. Ni kazi ya dakika chache. Matabibu huihesabu kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90 au kupita, wala kipimo kimoja hakitoshi. Mtu hupimwa tena. Lalaneni mapema wakati wa mitihani, msome baada ya Subhi, kwani Mtume (S.A.W.) ameuombea umma wake baraka katika asubuhi zake. Kusanyeni fedha wanne au watano, mpike kunde, mchicha, samaki na wali wa kiasi. Fedha ya chipsi na soda ya juma moja yatosha. Cheza mpira kwa miguu yako kabla ya kuutazama kwa macho. Na mwenzako akikuita kwenye shisha, jua kwamba hakukuita kwenye starehe. Amekuita mshirikiane deni litakalolipwa na watoto wenu.

Nanyi enyi wasimamizi wa misikiti, na sisi maimamu kabla yenu, tusingoje jeneza ndipo tuwaidhi. Yawezekana mara moja kwa mwezi baada ya Sala ya Ijumaa kumwalika muuguzi Muislamu na kipimo chake akae uani, wapimwe vijana na wazee. Hapana gharama kubwa. Na tuseme juu ya mimbari habari ya shisha na muguka kwa majina yake, si kwa mafumbo.

Ndugu zangu, wazee wetu walipigana na ujahili miaka mingi mpaka vijana hawa wakaingia vyuo vikuu. Itakuwa msiba ulioje ikiwa tutawafikisha mlangoni mwa elimu kisha tukawazika kabla hawajaitumia! Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratur Raad kwamba hayabadili yaliyo kwa watu mpaka wao wayabadili yaliyo katika nafsi zao. Basi na tuanze na usiku huu wa leo: tusali Isha, tuzime simu, tulale.

Ewe Mola wetu, utengeneze mioyo yetu, ile ya imani na ile ya nyama. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, wahifadhi vijana wetu wa kike na wa kiume katika masomo yao na miili yao, na utujaalie tuwe ni wenye kuzirejesha amana zako hali ya kuwa hatukuzikhini. Amin.

Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.